Mguu wa Nyuma, wa Kulia

Farasi wa Newmarket hawavai namba asubuhi. Namba ni za alasiri, za uwanjani, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Alfajiri wanatoka mazizini wamefunikwa mablanketi, safu kwa safu, elfu mbili na ushei, na kupanda Uwanda, mbuga ya wazi nje ya mji, kwenda mazoezini bila mtu wa kuwaita majina. Mwenye kujua anajua. Asiyejua anaona makalio yanapita.

Leonard Garrod alikuwa mwenye kujua. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kwa miaka thelathini na minne alisimama kila asubuhi kwenye tuta la nyasi chini ya kilima cha Warren Hill, darubini shingoni, daftari mfukoni, akiliandikia gazeti moja la mbio la London: nani amekimbia na nani, nani amemwacha nani, nani amerudi akitweta. Mjini watu wa kazi yake waliitwa wachunguliaji. Enzi za babu yake walifukuzwa kwa mijeledi. Siku hizi walifukuzwa kwa macho tu. Mkufunzi anataka siri ya farasi wake ibaki zizini mpaka yeye na rafiki zake wameshaweka dau. Mchunguliaji anataka siri hiyohiyo imfikie kinyozi wa Leeds na fundi bomba wa Cardiff kabla hawajafungua kinywa. Hapo hakuna urafiki. Kuna salamu tu.

"Rangi ni nguo," Leonard alikuwa akisema. "Baka jeupe usoni ni kofia. Ukimjua farasi kwa nguo, siku akibadilisha umempoteza. Tazama mwendo."

Aliyekuwa akiambiwa hivyo, na aliyeshachoka kuambiwa, ni Percy Nunn, mchunguliaji wa gazeti shindani, mtu mnene aliyeleta kila siku mkate wenye nyama ya nguruwe akaula peke yake.

"Wewe Garrod ukifa tutakuzika na darubini yako," Percy alimjibu. "Ukifika peponi utuandikie malaika yupi anaruka vizuri."

"Na yupi ana bawa bovu."

"Hilo utaanza nalo. Nakujua."

Ni kweli Percy alimjua. Leonard hakuwa mtu wa kusifu. Kila Ijumaa alikaa kwenye meza ya jikoni akaandika safu yake ya Jumamosi, ile iliyosomwa kuliko zote, akiwapitia farasi wa mbio kubwa ya kesho yake mmoja mmoja: huyu anapenda ardhi laini na mvua haijanyesha wiki mbili, huyu amepewa uzito wa kubeba unaomzidi, huyu lango lake la kuanzia liko upande wa nje, atamaliza pumzi akitafuta njia, huyu ni simba wa asubuhi, alasiri paka. Kuchagua mshindi, kwake, kulikuwa ni kuwaondoa wasioweza kushinda mpaka abaki mmoja aliyekosa sababu ya kushindwa. Wasomaji walimpenda kwa ubahili huo wa sifa. Mke wake, alipokuwa hai, alisema hata yeye mwenyewe alichaguliwa kwa njia hiyohiyo.

Alimwachia binti mmoja, Hazel. Na Hazel, katika kazi zote zilizoko Uingereza, akataka farasi.

Alipokwenda kuomba kazi kwa Kapteni Denzil Harbord, mkufunzi mwenye farasi arobaini na kidogo, Kapteni alikwama kwenye jina lake.

"Garrod? Wa yule mchunguliaji?"

"Ndiye baba yangu."

"Binti wa paka anaomba kulinda maziwa."

Lakini Hazel alikuwa mwepesi, na alikuwa na mikono iliyowatuliza farasi wakorofi. Kapteni akampa kazi kwa sharti moja, akalisema mbele ya wafanyakazi wote: siku neno moja la zizi hili litakapofika gazetini kupitia kwake, ataondoka, na yeye Kapteni atahakikisha hakuna zizi jingine Newmarket litakalomfungulia mlango. Hazel akakubali. Jioni alimweleza baba yake, na Leonard akasema sharti ni la haki.

Basi miaka saba wakaishi nyumba moja bila kutaja farasi. Si kwamba walinuniana. Walizungumza sana, tena kwa bidii, kama wageni walioketishwa pamoja arusini. Walizungumza juu ya kabichi za nyuma ya nyumba, paka wa jirani, bati linalovuja juu ya choo. Matokeo ya mbio yalipoanza kusomwa redioni, aliye karibu aliinuka akaizima. Hazel alirudi siku moja na jino limevunjika na baba yake hakuuliza ni farasi gani. Alimchemshia supu.

Lakini asubuhi alimwona. Kila asubuhi, kutoka kwenye tuta, katika safu ya Harbord, alimwona binti yake juu ya jike mwekundu aliyeitwa Tamarisk. Jike huyo alikabidhiwa Hazel akiwa na miaka miwili, mkali, mwenye kuogopa ndege; sasa alikuwa na mitano na ameshinda mara tano. Leonard alimwandika kila wiki kama alivyowaandika wengine. Hakuna aliyeweza kusema anampendelea. Kama kuna kitu, Percy alisema, anamnyima.

*

Ilikuwa Jumatano ya Septemba, siku tatu kabla ya mbio kubwa ya majike, ambayo Tamarisk alitegemewa na karibu kila mcheza kamari wa nchi ile. Safu ya Harbord ilikuja saa moja na nusu. Waliposhuka bondeni walikuwa wakitembea. Walipoanza kupanda wakakusanya mwendo, kisha wakapiga shoti wawiliwawili, udongo ukiruka nyuma yao.

Tamarisk alikuwa jozi ya nne, upande wa ndani. Alipita kwa kasi nzuri. Hakuchechemea. Hakurusha kichwa. Alimwacha mwenzake kwa urefu wa farasi mmoja, bila kupigwa wala kuhimizwa.

"Huyo hapo," Percy alisema, mdomo umejaa mkate. "Jumamosi wampe kikombe kabisa, wasisumbue wengine."

Leonard alishusha darubini.

"Hatashinda."

"Sema tena?"

"Mguu wa nyuma, wa kulia. Hausukumi."

Percy alitafuna taratibu, akiitazama mikia ya farasi ikipotelea juu ya kilima. "Garrod, yule farasi amepita kama maji ya bomba."

"Umeangalia nguo," Leonard alisema, akaandika.

Hakujua amejuaje. Hakujiuliza pia. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na minne hajiulizi ujuzi wake unatoka wapi, kama vile msusi hatazami vidole. Alichojua ni kwamba jike yule alipopita, kitu fulani kilimchoma, na jina la ule mguu likaja lenyewe mpaka kwenye penseli.

Ijumaa aliketi jikoni. Hazel alikuwa uani akimwagilia maji. Leonard aliandika juu ya farasi kumi na mmoja wa mbio ile. Alimchagua jike mmoja wa Ireland ambaye hakuna aliyemtaja. Juu ya Tamarisk aliandika: *Ndiye kipenzi cha wote na ndiye bora kuliko wote akiwa mzima. Si mzima. Mguu wake wa nyuma wa kulia hausukumi. Weka pesa yako mfukoni.* Alisoma tena. Akaona kila neno ni la kweli na kila neno ni lake. Akaenda kwenye kibanda cha simu akamsomea msichana wa London aliyeipokea kwa taipureta. Hakumwambia Hazel. Angewezaje? Ndilo lilikuwa agano lao.

Jumamosi Tamarisk aliongoza hadi mita mia mbili za mwisho, kisha akapinda kushoto kama mtu aliyekanyaga msumari, na mpanda wake akamsimamisha. Jike wa Ireland alishinda. Gazeti la Jumapili liliweka picha ya Leonard, ile ya zamani yenye nywele, na chini yake maneno: JICHO LA UWANDANI.

Jumatatu saa tatu asubuhi Hazel alirudi nyumbani na buti zake mkononi.

Leonard alikuwa akikaanga yai. "Mapema leo," alisema.

"Nimesimamishwa."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini?" Hazel alitupa buti sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka saba kuzipitisha mlangoni zikiwa na tope. "Mguu wa nyuma wa kulia, Baba. Ungeandika tu hayuko sawa. Ungeandika amechoka. Ilikulazimu kuutaja mguu?"

"Niliandika nilichokiona."

"Hakikuonekana! Daktari wa wanyama mwenyewe alimtembeza uani mara nne, akapapasa miguu yote, ndipo akakuta joto kidogo kwenye kifundo. Hiyo ilikuwa Jumatatu iliyopita. Aliyejua ni daktari, Kapteni na mimi. Watu watatu. Kapteni hakumwambia hata mwenye farasi. Alijua akimwambia atamhamishia Tamarisk kwa mkufunzi mwingine. Sasa mwenye farasi amesoma gazetini, mezani, mbele ya wageni aliowaalika kuja kutazama ushindi. Ametoa amri ya kuwaondoa farasi wake wote wanne. Jana. Tamarisk anakwenda kwa mkufunzi Fosdyke."

"Kapteni alimkimbiza farasi mgonjwa makusudi?"

"Usinibadilishie maneno. Daktari alisema huenda atamudu. Huenda. Nililala naye zizini siku mbili nikimkanda ule mguu kwa maji baridi. Sikukwambia. Nilikuwa nakupita mlangoni hapo, nakwambia habari za kabichi, na moyo unaniruka, na sikukwambia."

"Hukuniambia. Niliona mwenyewe. Ndiyo kazi yangu."

"Basi nenda kamweleze Kapteni kazi yako ni nini. Maana yeye anaamini kazi yako ni mimi."

Yai liliungua. Hakuna aliyelitoa.

*

Leonard alikwenda. Katika miaka yote ile hakuwahi kuvuka lango la zizi lolote. Mchunguliaji hukaa nje, ndiyo heshima yake. Sasa alivua kofia langoni kwa Harbord, na vijana wa zizi wakaacha kufagia kumtazama.

Kapteni Harbord alikuwa mrefu, mpole wa sauti, aina ya mtu anayemfukuza mwenzake kwa kumfungulia mlango.

"Bwana Garrod. Nilizoea kukuona kwenye tuta. Hujambo?"

"Sijambo, Kapteni. Nimekuja kwa ajili ya binti yangu. Hakusema neno."

"Ungesemaje kingine? Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo."

"Ule mguu niliuona."

"Kutoka hatua mia tatu. Mguu ambao daktari aliutafuta kwa vidole." Kapteni alitabasamu bila kuonyesha meno. "Nina darubini pia, bwana. Nilikuwa juu ya kilima. Sikuona kitu, na mimi nilijua upo wapi."

"Labda hujui kutazama."

Waliokuwa wakifagia waliacha hata kujifanya wanafagia.

"Nijaribu," Leonard alisema. Alijisikia sauti yake ikipanda na hakuweza kuishusha. "Leta farasi wako kumi na wawili. Wafunike mablanketi ya namna moja, wafunike na vichwa, wabadilishe wapanda. Wapitishe mbele yangu kwa hatua mia tatu, wanatembea tu. Nitakutajia wote. Nikiwataja, utajua kwamba jicho langu halihitaji kunong'onezwa na mtu, na utamrudishia binti yangu kazi yake mbele ya hawahawa uliomwaibisha mbele yao."

"Na ukikosea?"

"Sikosei."

Kapteni alifikiri. Alikuwa mcheza kamari naye, kama wote wa mji ule, na dau hili lilikuwa la bei rahisi kwake. "Alhamisi," alisema. "Tamarisk anaondoka Ijumaa. Daktari amemruhusu kutembea. Naye atakuwemo."

Percy Nunn aliposikia alimwendea Leonard kwenye tuta, mara hii bila mkate.

"Kataa," alisema. "Sema una mafua."

"Unaniona siwezi?"

"Unaweza. Ndilo linalonitisha. Mtu akijua sana, anakuwa hajui anajua nini." Kisha, kwa kuwa hakuzoea kusema maneno ya maana, akaongeza: "Na wewe mafua yanakupendeza, pua unayo."

"Njoo uwe shahidi wangu."

"Nitakuja. Nani atakubeba?"

Alhamisi kulikuwa na ukungu mwembamba uliolala bondeni. Kapteni alisimama upande mmoja wa Leonard na karatasi mfukoni, Percy upande wa pili na daftari. Hazel aliitwa arudi kupanda kwa asubuhi hiyo moja. Leonard hakuambiwa yuko juu ya farasi gani. Wote kumi na wawili walitoka kwenye miti wamevikwa mablanketi ya buluu yaliyofika magotini na vifuniko vya kichwa vyenye matundu ya macho. Wapanda walivaa makoti meusi ya mvua na helmeti nyeusi. Kwa mtu wa kawaida walikuwa farasi mmoja aliyepita mara kumi na mbili.

Leonard aliinua darubini, na hofu ikamtoka. Hapa palikuwa nyumbani.

"Wa kwanza ni Marchbanks. Anaburuta kwato za mbele. Wa pili, Dry Toast, anatembea kama ana haraka ya msalani. Wa tatu simjui jina, ni yule dume mpya aliyekuja Agosti kutoka Ufaransa."

Percy alimwona Kapteni akiipapasa karatasi mfukoni.

"Wa nne…" Leonard alisita kidogo. Jike, mwepesi, hatua ndefu. Mpanda wake alikaa wima mno, kama amemeza mwiko. "Wa nne ni jike. Columbine. Ndiyo. Columbine."

Wa tano, wa sita na wa saba aliwataja kabla hawajatoka vizuri kwenye ukungu. Wa nane alipochomoza, uso wake ulilainika.

"Huyu ni Tamarisk," alisema. "Na mwambieni daktari ametibu vizuri. Leo anatembea mzima."

Hakuhitaji kufikiri. Alimjua kama anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Aliendelea hadi wa kumi na mbili, akashusha darubini, akapumua.

Kapteni alitoa karatasi. Aliisoma mara mbili. Ni haki kusema kwamba hakufurahi. Kwa muda alionekana kama mtu aliyekwenda kutazama kiinimacho na kukuta ni muujiza.

"Kumi," alisema. "Umewataja kumi sawasawa, Bwana Garrod, na yule Mfaransa sijawahi kumtoa ila mara nne. Sikuamini kwamba jambo hili linawezekana. Nakuomba radhi kwa hilo."

"Kumi?"

"Wa nne alikuwa Tamarisk. Wa nane alikuwa Columbine."

"Haiwezekani."

"Juu ya Columbine alikuwa binti yako."

Leonard aliinua tena darubini, ingawa hapakuwa na sababu. Farasi walikuwa wamegeuka na kurudi, na kati ya makoti meusi kumi na mawili alimwona mmoja mara moja, bila kutafuta: bega la kushoto limeshuka kidogo, tangu alipolivunja akiwa na miaka tisa kwa kuanguka kwenye ukuta wa shule, shingo imeinama mbele kama anamsikiliza mtu. Na chini yake palikuwa na farasi. Farasi fulani.

Ndipo Jumatano ile ikamrudia yote. Jike anapita kwa shoti, na mpanda amehamishia uzito wake kushoto, nusu ya kiganja, makalio yameinuka juu ya tandiko upande wa kulia, mkono umeshika kipande cha manyoya ya shingo, kama mtu anayembeba mgonjwa asimguse penye jeraha. Ule mguu hakuuona kabisa. Alimwona mwanawe akiuhurumia.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni ukungu. Percy alishaanza kusema, "Ukungu huu, Kapteni, hata mimi…" Lakini Leonard hakuwahi kuandika asichokiona, na alidhani, masikini, kwamba ukweli utamwokoa binti yake kwa sababu ulikuwa ukweli.

"Hakuniambia," alisema. "Kapteni, nisikilize. Nilimwona alivyokaa. Alikuwa anampunguzia uzito upande wa kulia wa nyuma. Sikujua kama ndicho nilichokiona. Nimejua sasa hivi. Lakini hakuniambia neno, unaona? Hajui hata yeye."

Kapteni alikunja karatasi.

"Naona," alisema polepole. "Kwa hiyo habari ilitoka kwake."

"Haikutoka! Niliichukua!"

"Kutoka kwa mgongo wake." Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilidhani ni msaliti. Sasa najua ni msichana mwaminifu, na nakuomba umwambie nimesema hivyo. Lakini nitafanya nini naye, Bwana Garrod? Aliyenisaliti kwa mdomo ningeweza kumwonya afunge mdomo. Huyu nitamwonya afunge nini? Kila farasi nitakayempa, gazeti lako litamsoma kupitia kwake. Na nikisema jambo hili kwa wakufunzi wenzangu, na lazima niseme, maana Percy Nunn atalisema leo baa, hakuna atakayemchukua."

"Mimi sisemi kitu," Percy alisema.

"Utasema," alisema Kapteni. "Ni hadithi nzuri mno."

Na kweli Percy akasema.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, baba na binti, kwenye njia inayopita nyuma ya mazizi. Leonard alimweleza yote. Hazel alisikiliza bila kumkatiza mpaka wakafika kwenye kijito.

"Columbine," alisema. "Umemwita Columbine Tamarisk."

"Nilikuona wewe."

"Columbine anatupa mguu wa mbele kama anafukuza nzi. Kipofu angesikia. Wewe ndiye ulikuwa unasema rangi ni nguo." Alisimama. "Baba, umemwandika Tamarisk miaka mitatu. Nilikuwa nakata safu zako gazetini. Ninazo zote, kwenye boksi la viatu. Nilikuwa nafikiri, hatuwezi kuzungumza, lakini walau anamwona. Walau kuna mtu anaona nilichofanya na yule mnyama."

"Hazel."

"Aprili mwaka jana uliandika amechangamka, ana nuru, wasomaji wamfuate. Unakumbuka? Alikuwa na kikohozi. Mimi ndiye nilikuwa na nuru. Nilikuwa na yule mhunzi wa kijiji cha Exning." Alicheka, na kicheko hakikuwa kizuri kusikia. "Julai ukaandika amezubaa, hana hamu. Kumbe mhunzi alikuwa na mke. Tamarisk akashinda kwa urefu wa farasi sita, na watu wako wote hawakuwa wameweka hata senti."

Leonard alikumbuka. Alipokea barua za matusi Julai ile, akajiambia hata jicho bora hukosea.

"Nilidhani namtazama farasi," alisema.

"Najua."

"Ni mapenzi, mwanangu. Si kingine."

"Najua pia. Ungenipenda jikoni." Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Uwandani ungemtazama farasi wangu."

Tamarisk alihamia kwa Fosdyke siku iliyofuata. Hazel alipeleka barua za kuomba kazi kwenye mazizi manane. Sita hayakujibu, mawili yalijibu kwa adabu. Oktoba alianza kazi kwenye kiwanda cha kufungasha karoti karibu na mji wa Ely. Anaondoka kwa basi la saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi jioni vidole vimekuwa vya rangi ya chungwa. Hakuna sharti linalowazuia tena kuzungumza habari za farasi. Leonard alijaribu mara moja, akamtajia matokeo ya mbio za Doncaster.

"Karoti hazina mwendo, Baba," alimjibu. "Niache nipumzike."

Gazeti halikumwachisha Leonard kazi. Kisa kiliwafurahisha wahariri; waliona kinamwongezea umaarufu, na msichana wa taipureta alimwambia kwenye simu kwamba alilia aliposimuliwa.

Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi, baridi ya kwanza kali, safu ya Fosdyke ilipanda kilima kwa mara ya kwanza ikiwa na majike mapya. Leonard alizungusha darubini kutoka mbele mpaka nyuma, akarudi mbele tena. Wekundu walikuwa watano. Kila mmoja alikuwa na miguu minne, na shingo, na mwendo wake mwenyewe, mwendo ambao mtu yeyote mwenye macho angeujifunza kwa miaka mitatu. Walianza kupiga shoti. Walipita. Wakawa wanapotelea juu.

"Percy," alisema. "Tamarisk alikuwa yupi?"

Percy alidhani ni utani, akageuka na jibu limeshaiva mdomoni. Kisha akamwona uso. Alifunga mkate wake kwenye karatasi, akauweka mfukoni.

"Wa tatu kutoka nyuma," alisema kwa upole. "Yuko vizuri, mzee. Andika yuko vizuri."